Kila Mstari na Mwenzake

Baba,

Nimekaa mezani pako, upande wa dirisha, pale ulipokuwa hutaki mtu mwingine akae kwa sababu ndipo penye mwanga. Hakuna wa kunifukuza sasa. Asubuhi nimepika chai ya vikombe viwili tena. Ni miezi minane tangu tukuzike, na mkono wangu bado haujajifunza kupima maji ya mtu mmoja. Kikombe cha pili nilikiacha kikapoa, halafu nikaimwagia mboga ya lengalenga pale nyuma ya jikoni. Usicheke.

Ulinifundisha kwamba barua huanza na salamu na hali ya nyumba, mambo mazito yaje mtu akishakaa vizuri. Basi nyumba ipo. Bati la upande wa choo limeanza kuvuja, fundi ameahidi mara nne. Mtaa wetu wa Kasuku ni ule ule, mapikipiki yanapita mlangoni toka alfajiri na kila dereva anafikiri honi yake ndiyo nzuri kuliko zote. Shuleni wamenipa darasa la tatu. Jioni nikirudi naufungua mlango kwa ufunguo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maisha yangu yote, maana siku zote kulikuwa na mtu ndani. Ufunguo wenyewe unanikera. Nikiingia nakohoa kidogo, kama ulivyokuwa unakohoa wewe, ili nyumba isikie kuna mtu.

Sasa umeshakaa. Nimekukasirikia, Baba. Wiki tatu nzima sikuja makaburini kukufagilia, na nilifanya makusudi.

Ni habari ya barua za Kaku.

Wewe unazijua, lakini acha nizisimulie kama nilivyozijua mimi. Kaku, mama yako, alibaki kijijini Kasai ulipoletwa Kindu kufanya kazi ya reli. Hakujua kuandika. Mwalimu wa kijiji alimwandikia kwa Tshiluba, na wewe ulikuwa umemwagiza yule mwalimu aandike akiruka mstari mmoja, abakize nafasi. Barua zilipanda treni mfukoni mwa mfanyakazi mmoja wa reli, zikapokelewa na mwingine, mpaka siku moja unaingia nazo nyumbani na kofia ya kazi bado kichwani. Hukuruhusu mtu aguse. Ulikaa hapa hapa, ukachukua kalamu ya bluu, ukaanza kuandika Kiswahili katikati ya mistari, herufi ndogo zilizoinama, kila neno la Kaku na tafsiri yake chini. Ulipomaliza ulimsomea Mama, ambaye hakusoma shule hata siku moja, na mimi nimekaa mapajani pake.

Majibu niliandika mimi, tangu nilipojua kuandika. Mama alisema, mimi nikaandika kwa Kiswahili, halafu wewe ukajaza Tshiluba ili Kaku asomewe. "Ruka mustari, Mamu," uliniambia kila nikijisahau. "Kila mustari iko na mwenzake." Uliniita Mamu kwa sababu nina jina la mama yako, na kwa watu wako mtoto mwenye jina hilo ni mama yako kweli kweli. Hukuwahi kunipiga. Ulisema mtu hampigi mamake.

Na Kaku katika barua zile alikuwa mtu mtamu. Alinisalimu mimi kwanza, kabla yako. Samaki wa moshi ambao Mama aliwaendea mpaka Lokandu kwa ndugu zake, akawachagua mmoja mmoja, akawafunga kwenye majani kwa ajili ya safari ya treni, Kaku aliwala na majirani na kila mtu aliuliza wametoka wapi. Mbuzi wake alizaa mapacha. Shangazi zangu walikuwa wamenitengea chumba chenye dirisha. "Mlete mwenye jina langu nimwone," uliandika, kwa bluu.

Mama alipotutoka tukabaki wawili. Uliponitoka na wewe, nikabaki na barua. Ndugu wa Mama wapo Lokandu, lakini nilipokwenda kwao niliona wazi kwamba ni mgeni anayependwa, kisha anasindikizwa kwenye pirogi, mtumbwi wa kumrudisha kwake. Nikasema, kuna watu Kasai ambao wamenisubiri toka nizaliwe. Kaku alishakufa, hilo tulilijua tu, kama mambo yanavyojulikana nyumbani bila mtu kuyatangaza. Lakini chumba chenye dirisha hakifi. Nitachukua picha yako na udongo kidogo wa kaburi lako, niende. Nilishamwambia mkuu wa shule atafute mwalimu mwingine. Kuku wote nikawagawia majirani, hata yule mweupe uliyemwita Madame.

Siku ya kuondoa matanga nikafanya jambo ambalo nililiona zuri sana. Watu wako wa Kasai waliobaki hapa Kindu, wajane wa reli na wazee watatu, walikaa upande mmoja wa ua. Watu wa Mama wa Lokandu wakakaa upande wa pili. Nikasema watasikia barua moja kwa masikio mawili. Nikachagua ile Kaku aliyoituma nilipozaliwa. Nikampa Mama Kapinga, unamjua, mjane wa rafiki yako wa stesheni, yule aliyekuchekesha hospitalini mpaka muuguzi akamtoa nje. Yeye asome mstari wa Tshiluba, mimi nisome mstari wako wa Kiswahili, mpaka mwisho.

Akavaa miwani. Akaitazama karatasi. Akaipitia mpaka chini, watu wakaanza kukohoa. Halafu akanirudishia.

"Anza wewe, mutoto," akasema. "Wewe njo mwenye jina."

Nikaanza. Nikasoma mstari wako, naye akafuata kwa Tshiluba. Nikasoma mwingine, akafuata. Wajane wakalia, wanawake wa Lokandu wakapiga vigelegele tulipofika kwenye samaki, na mimi nikajisikia kwa mara ya kwanza tangu uondoke kwamba nina watu. Niliona Mama Kapinga amevua miwani na kuishika mapajani. Nikafikiri ni machozi. Niliona pia mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yake, aliyeweza kuiona karatasi juu ya bega lake mwanzoni. Alisimama kwenda kunywa maji na hakurudi kukaa.

Baada ya siku mbili nikaenda kwa Mama Kapinga na chupa ya mawese kumshukuru. Nikamuuliza kwa utani, Mama, umejuaje maneno ya barua bila miwani. Hakucheka. Aliiweka chupa chini, akavuta kiti.

"Mutoto, kaa kwanza," akasema.

Nikakaa. Akaniomba nimwonyeshe barua tena, maana nilikuwa nayo kwenye mkoba, nazunguka nayo kama barua ya mchumba. Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza wa yule mwalimu. Alinisomea pole pole, akinitazama usoni kila baada ya maneno machache, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Hapa mama ya baba yako anasema, 'Nani alikupatia ruhusa ya kuweka jina yangu juu ya mutoto wa ule mwanamuke? Toa ile jina.'"

Chini yake, kwa kalamu yako ya bluu: Nimefurahi kusikia jina langu limefika kwenu. Mlete mwenye jina langu nimwone.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Nikamwambia aendelee. Samaki wa Mama, Baba. Kaku aliagiza wasiletwe tena, aliwatupia mbwa. Chumba chenye dirisha hakikuwepo popote kwenye karatasi. Palipokuwa na chumba, Kaku alikuwa akikuambia kwamba kuna binti wa watu, ametulia, amelelewa vizuri, anakusubiri, na ukimwacha yule wa mtoni, yaani Mama, hakuna atakayeuliza.

Mama Kapinga alivua miwani.

"Ile ya mbuzi njo ya kweli," akasema. "Ile ingine yote baba yako aliitengeneza."

Mbuzi walizaa mapacha. Nashukuru kwa hilo.

Nilikwenda nyumbani nikalitoa sanduku lako la bati, nikambebea Mama Kapinga barua zote kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko, maana kulikuwa na mvua. Tulikaa nazo jioni sita, baada ya shule, kabla giza halijaingia. Barua baada ya barua ilikuwa hivyo hivyo. Kaku akifoka, wewe ukitia sukari. Kuna mahali alikuita jina ambalo Mama Kapinga alikataa kunitafsiria. Wewe hapo umeandika, Mwanangu, kula vizuri.

Nilikasirika kwa ajili ya Mama kwanza. Wale samaki. Zile safari za pirogi, moshi machoni, vidole vyake vilivyopasuka, na furaha yake kila uliposoma kwamba majirani wameuliza wametoka wapi. Angeweza kupumzika. Halafu nikakasirika kwa ajili yangu, na hiyo ndiyo iliyodumu. Nilikuomba mara ngapi unifundishe Tshiluba? Ulisema nitajifunza tukifika huko. Ulisema lugha haifundishwi, inaokotwa. Kumbe ulijua kwamba siku nitakayoweza kusoma mstari wa juu, wa chini utakufa. Ulininyima lugha yako ili unipe bibi. Na sasa sina lugha, sina bibi, sina wewe wa kugombana naye. Nilikaa ndani ya nyumba hii nikagombana na kiti chako.

Na jina. Nina miaka thelathini na zaidi najiita Ngalula, nasaini Ngalula kwenye madaftari ya watoto, na mwenye jina alisema litolewe. Nilimwuliza Mama Kapinga niitwe nani basi. Alisema jibu la swali hilo hata yeye halijui, akaniwekea ugali. Siku hizo ndizo nilizoacha kuja makaburini.

Jioni ya sita zilibaki barua chache chini kabisa ya ndoo, zimefungwa kwa kamba mbali na nyingine. Ni zile za wakati wa vita. Nilitaka tuziache. Nikamwambia Mama Kapinga nimeshashiba. Alisema, chungu kikishaonjwa kimalizwe, na kufungua kamba akafungua yeye.

Unakumbuka mwenyewe hali ilivyokuwa. Mji umefungwa, treni hakuna, mtu hathubutu kwenda shambani ng'ambo ya pili. Sombe, majani ya muhogo, bila chumvi mpaka ulimi ukasahau. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa na milio ya bunduki ilipoanza nilikuwa naingia chini ya kitanda na kung'ata shuka. Na katikati ya hayo yote, barua za Kaku zilikuja. Si nyingi, lakini zilikuja. Ulisema zimebebwa na watu wa baiskeli kutoka Kibombo, zimelowa, karatasi zimekuwa uji, kwa hiyo umezinakili upya kazini. Ndiyo maana ziko nyuma ya fomu za mizigo za stesheni. Mtoto hakuuliza zaidi. Mama kama aliuliza, hakuniuliza mimi.

Mama Kapinga alisoma ya kwanza kimya. Akaenda ya pili, ya tatu. Nikaona anarudi nyuma, anatazama mstari wa juu, anatazama wa chini, juu, chini. Nikajiandaa kwa matusi.

"Hizi ziko sawasawa," akasema.

Nikamwambia sielewi. Akasema mstari wa Tshiluba na mstari wa Kiswahili vinasema kitu kimoja, neno kwa neno, hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Halafu akanigeuzia karatasi nione nilichokuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukiona. Kalamu ni moja, na herufi zimeinama upande ule ule, juu na chini. Na kama ungekuwa umenakili tu, mstari wa juu ungekuwa na matusi.

Hakukuwa na mtu wa baiskeli. Ulikaa stesheni, treni haziji, hakuna cha kuandika kwenye fomu za mizigo kwa sababu hakuna mizigo, ukageuza fomu ukaandika barua ya mamako kwa lugha ya mamako, ukiruka mstari. Halafu ukaja nayo nyumbani, ukavua kofia, ukakaa mezani, ukaitafsiri mbele yetu. Barua pekee ambazo hukudanganya hata neno ni zile ambazo hazikutoka kwa mtu.

Nikamwomba Mama Kapinga anisomee ile ninayoijua kwa moyo. Alisoma kwanza kwa Tshiluba, nikasikia jina langu ndani yake, kisha nikamsomea mimi mstari wako: Wewe mwenye jina langu, usiogope. Ukisikia milio, lala chini, taja jina lako pole pole. Mimi nitaitika.

Nilifanya hivyo, Baba. Sijui kama ulijua. Nililala chini ya kitanda nikisema Ngalula, Ngalula, mdomo umegusa sakafu, na nilisikia naitikiwa. Sikung'ata shuka tena. Sauti iliyoitika ilikuwa ya mwanamke mzee, lakini sasa najua ilikuwa imelala upande wa pili wa ukuta na imevaa suruali ya reli.

Ilibaki moja, chini kabisa. Ile iliyokuja na treni ya kwanza baada ya vita. Naikumbuka siku ile. Mji mzima ulikuwa stesheni, wanawake wanacheza juu ya reli, mafundi wamepanda juu ya injini. Mtu alikupa karatasi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaiweka mfukoni mwa shati na ukarudi kucheza na wenzako. Nilikuuliza jioni kama Kaku anatusalimu. Ulisema macho ya Kaku yamechoka, hataandika tena. Kesho yake ukanyoa nywele zote. Mama alikutania kwamba umefanana na yai la bata, ukasema ni joto. Ulikuwa mwezi wa mvua, Baba. Hakukuwa na joto.

Barua ile mwalimu aliiandika akiruka mistari kama kawaida, na nafasi zote ziko tupu. Hukuandika chochote. Mama Kapinga akanisomea. Mwalimu anakujulisha kwamba mama yako alifariki vita vilipoanza tu, mvua za kwanza, wakamzika karibu na dada yake. Kwa hiyo miezi ile yote ulipokuwa unamwandikia maneno, mwenyewe alikuwa chini ya udongo na wewe hujui. Mstari wa mwisho ni mfupi. Mama Kapinga aliusoma na kunitafsiria bila kusita, nadhani alishachoka kunihurumia.

"Hakuacha neno kwa ajili yako."

Hapo ndipo hasira yangu iliponiishia, si kidogo kidogo, kwa mara moja. Wewe uliyegeuza matusi kuwa salamu, mbwa kuwa majirani, ulifika kwenye mstari huo na kalamu ikakataa. Kwetu sisi ulijua kutengeneza. Kwako wewe mwenyewe hukujua. Ulilia wapi, Baba? Sisi tulikuwa nyumbani, tungekaa na wewe. Ulibeba matanga ya mtu mmoja, kichwa kimenyolewa, mkeo anacheka, na hukusema kitu mpaka umekufa. Mimi ninayekunywa chai ya vikombe viwili najua sasa kidogo jinsi ilivyokuwa.

Jambo moja sitalijua kamwe. Yale majibu tuliyoandika, mimi Kiswahili na wewe Tshiluba katikati, yapo Kasai kama mchwa hawajayala. Mimi niliandika, Kaku nakupenda, nitakuja. Wewe ulimwandikia nini? Ulimgombeza? Ulimbembeleza? Au ulimtengenezea na yeye mjukuu, kama ulivyonitengenezea mimi bibi? Namuuliza mtu ambaye hawezi kujibu, nalijua hilo.

Jana nilikaa na ile barua ya mwisho. Ndiyo pekee yenye nafasi, kwingine kote umejaza wewe. Nikachukua kalamu yako ya bluu, bado inaandika ukiipasha moto kidogo mikononi. Mama Kapinga alinisomea mstari kwa mstari na mimi nikaandika Kiswahili chini yake, kama ilivyo, bila sukari. Alifariki, nikaandika alifariki. Tulipofika mwisho akasita, akaniuliza kama niandike vile ilivyo au vile baba yangu angeandika.

Nilifikiri sana. Ningeweza kuandika kwamba alikusamehe. Hakuna anayesoma zaidi yangu. Lakini umedanganya vya kutosha kwa sisi sote. Nikaandika, Hakuacha neno kwa ajili yako. Na kwa kuwa mstari ule ni mfupi, nafasi ilibaki. Nikaongeza: Mimi ninalo.

Sitakwenda Kasai. Mkuu wa shule alikuwa hajatafuta mtu, alisema alijua nitarudi na hasira zangu. Madame hawajanirudishia, alishapikwa. Jumanne na Alhamisi Mama Kapinga ananifundisha Tshiluba, ananicheka, anasema nakitamka kama mtu mwenye samaki mdomoni, nami namwambia ni samaki wa Lokandu na wasirushiwe mbwa. Nakuahidi nitakijua. Nitasoma mistari ya juu yote mwenyewe, hata lile tusi, na mistari yako ya chini sitaifuta hata herufi moja. Kesho naleta ufagio makaburini. Najua umejaa majani na unanuna.

Lala salama, Baba. Barua hii nimeiandika nikiruka mistari, toka mwanzo, sikujisahau hata mara moja. Ungejivuna. Chini ya kila mstari nimekuachia nafasi.

Jina silitoi. Yeye hakunipa, ulinipa wewe, na nikilitaja pole pole bado kuna anayeitika.

Mamu wako,
Ngalula